Tuwaandikie Riwaya Bibi Zetu Walioshika Kalamu

Sayyida Salme binti Said, mzaliwa wa Mtoni, Unguja, amekuwa mhusika wa riwaya za watu kwa miaka mingi sasa. Mwandishi wa Kiingereza M. M. Kaye alimpitisha pembeni katika Trade Wind, iliyotoka mwaka 1963. Mjerumani Hans Christoph Buch akamchukua katika Sansibar Blues mwaka 2008. Miaka miwili baadaye Nicole C. Vosseler akamtungia riwaya nzima, Sterne über Sansibar. Mwaka 2013 Mswisi Lukas Hartmann akaja na Abschied von Sansibar, akawageukia zaidi watoto watatu wa Salme waliokulia Ujerumani.

Sina ugomvi na yeyote kati yao. Habari ya binti wa Sultani aliyetoroka kwa sababu ya mfanyabiashara wa Hamburg inajiuza yenyewe, na mwandishi mwenye akili zake hawezi kuipita akafumba macho. Hata hivyo kuna jambo hao wote hawawezi kutufanyia. Salme mwenyewe ameeleza kwamba mbele ya baba yao kilichoruhusiwa kusemwa ni Kiarabu tu, lakini mzee akishatoa mguu, nyumba yote inachanganyika: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi na Kiswahili. Mjerumani ataandika harufu ya karafuu na ataipatia. Utani wa wajakazi wanaotwanga uani, kijembe anachorushiwa suria mpya aliyeletwa jana, namna yaya anavyomwita mtoto wa mfalme akiwa amekasirika na namna anavyomwita akiwa amempenda, hayo yanamtaka mtu aliyekua akiyasikia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nimekuja na ombi. Tuandike, tusome na tudai riwaya za kihistoria juu ya wanawake wetu walioshika kalamu. Na kwa sababu riwaya ya namna hiyo haiandikwi kwa hewa tupu, tuanze na makaratasi yaliyomo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Nitafika huko.

Kwanza tumtazame Salme kidogo kwa karibu. Katika nyumba zile mtoto wa kike alifundishwa kusoma Kurani. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Yeye akaamua atajifunza kwa siri, na ubao wake ukawa mfupa wa bega la ngamia, ule mpana, ambao enzi hizo Unguja watoto waliutumia kuandikia. Akawa anazifuata herufi za Kurani moja moja na kuzinakili juu ya mfupa. Mambo yalipofichuka akasemwa sana. Hakuacha.

Mwanahistoria akishatuambia hayo anafunga daftari, na ana haki. Mwandishi wa riwaya ndipo anapoanza kazi. Nani aliyemletea ule mfupa, na aliutoa jikoni kwa nani? Aliuficha wapi katika nyumba ambayo haina pembe isiyokuwa na mtu? Mjakazi aliyemfuma usiku akanyamaza, alinyamaza kwa mapenzi au kwa kuogopa? Maana mjakazi yule naye ni mtu, na kwake siri ya mtoto wa bwana ilikuwa mzigo wa hatari.

Halafu tazama yale maandishi yalimfikisha wapi. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya kifo cha baba yao, kaka yake Barghash alitaka kumng'oa ndugu yao Majid kwenye kiti. Salme alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika, akawa katibu wa njama, na barua za kutafuta bunduki na baruti zikatoka mkononi mwake. Nyumba ya Barghash ilipozungukwa na askari, yeye na dada yake Khole waliingia, wakamvika kaka yao shela kama mwanamke, wakatoka naye katikati ya kundi la wanawake waliojifunika, na askari wakapisha. Mapigano yakaishia katika shamba la Marseilles, Waingereza wakimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay.

Sasa ruka mpaka 1885. Barghash ndiye Sultani. Jumba la Beit al-Ajaib limeshajengwa, linang'aa. Manowari za Kijerumani zimetia nanga mbele ya mji, na Salme amekuja na msafara huo. Ana watoto wake, jina lake la ubatizo ni Emily, la ukoo ni Ruete, na ni mjane tangu mwaka 1870, mumewe alipokufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Amekuja kudai urithi wake. Kaka yule aliyetolewa kwa shela akakataa kumpokea.

Mimi nikisoma hapo huwa nasimama. Kaka na dada, umbali wa mashua moja, na baina yao barua zote zile alizozichora kwa ajili yake akiwa msichana. Mwaka uliofuata, 1886, kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin, kwa Kijerumani. Alikufa Jena mwaka 1924 na kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg. Husimuliwa pia kwamba alihifadhi kijifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja mpaka kufa. Ni habari nzuri, labda nzuri kupita kiasi, na mwandishi wetu akiitaka aichukue kwa tahadhari, kwa sababu mchanga ule ukitiwa katika sura ya mwisho utamwokoa mwandishi mvivu asiyejua amalizie wapi.

Sasa panda jahazi uelekee kaskazini, mpaka Siyu katika kisiwa cha Pate.

Siyu ya karne ya 19 ulikuwa mji wa mafundi na wanazuoni, na Kurani zilizonakiliwa kwa mkono huko zinatunzwa kama hazina mpaka leo. Mtawala wake mashuhuri alikuwa Bwana Mataka, mtu mgumu, aliyekataa katakata kumpigia magoti Sayyid Said wa Unguja, babake Salme. Sayyid Said alipeleka majeshi, na mwaka 1844, ambao ndio mwaka aliozaliwa Salme, amiri wake Hamad aliuawa huko huko Siyu. Mke wa Bwana Mataka ni Mwana Kupona binti Msham. Huyo ndiye mtunzi wa utendi tunaofundishwa shuleni.

Umeona mambo yanavyokutana? Wanawake wawili wanaosifika kuliko wote katika maandishi ya pwani ya karne ile walikuwa pande mbili za vita moja. Mmoja binti wa mshambuliaji, mwingine mke wa mshambuliwa. Mwaka 1856 kila mmoja alifiwa: Salme na baba yake, aliyefia baharini akirudi kutoka Oman, na Mwana Kupona na mumewe. Vitabu vya shule vinawaweka mbalimbali, huyu katika somo la fasihi, yule katika somo la historia au la utalii, na hakuna anayewakutanisha. Riwaya inaweza. Si lazima waonane uso kwa uso, na kama ningekuwa mhariri ningeikata sura yoyote ya kuwakutanisha kwa nguvu. Inatosha jahazi lile lile lililobeba baruti kwenda Siyu lionekane kutoka madirisha mawili.

Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yamemkaa kwa mwaka mzima. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, asogee na achukue wino na karatasi, kisha anaanza kumwachia wosia: dini, adabu, ulimi, mume, nyumba, usafi, watu wa kukaa nao na watu wa kuepuka. Na kuelekea mwisho anawageukia wanawake wengine wote na kuwataka wausome.

Hapo darasani ndipo tunapoharibu. Mwanafunzi anaulizwa: je, Mwana Kupona alimkandamiza mwanamke? Anajibu ndiyo, anapewa alama, au anajibu hapana kwa hoja nne, anapewa alama zile zile. Mimi maswali haya yananichosha. Ninachokitaka ni kile chumba. Mjane mgonjwa, amebakiwa na mtoto wa kiume mdogo na binti aliyefikia umri wa kuolewa. Kiti cha baba yao kinagombewa, na Zanzibar haijachoka kuutaka mji wao; utawala wa Majid ndio utakaokuja kuutia mkononi. Mama katika hali hiyo anapomwambia bintiye awe mpole kwa mume, anazungumza utii, au anamfundisha mtoto namna ya kubaki hai baada ya kaburi lake kufukiwa? Pengine yote mawili. Pengine siku moja hili na siku nyingine lile, kwa kadiri homa ilivyopanda na kushuka. Riwaya haidaiwi jibu la mtihani. Inaweza kumwacha awe mkali, mcha Mungu, mwenye mapenzi na mwenye hofu katika ukurasa mmoja.

Na Mwana Hashima je? Huyo ndiye ninayemtamani kuliko mama yake. Alikuwa na miaka 17 hivi, amekaa na wino mkononi, anasikiliza mashairi yanayomweleza yeye ataishije, tena yanawekwa katika vina ili yasisahaulike. Alikubali yote? Aliishi mpaka uzeeni, akawa mwanamke wa mji wa Lamu, na wosia wa mama yake ukawa mali ya watu wote. Mtu akinitungia mimi wosia wa beti zaidi ya 100 halafu kila mtoto wa mtaa akaujua kwa moyo, nadhani ningehama mji. Yeye alikaa. Hiyo peke yake ni riwaya.

Kwa wenye kutaka kuandika, nina mambo mawili ya kuwaomba kabla hamjashika kalamu.

La kwanza, msifiche kwamba mnabuni. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969, alieleza waziwazi katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa fikra, anafanana na yule wa historia katika vitendo lakini si yeye hasa. Heshima ya tamthilia ile haikupungua hata chembe. Fanyeni hivyo hivyo. Mwishoni mwa kitabu wekeni kurasa mbili za kusema: haya yamo katika maandishi yake, haya nimeyatunga. Wazee wenye kujua nasaba watawasamehe mengi mkiwaambia ukweli mapema, na msipowaambia, jiandaeni kwa simu za usiku.

La pili ni gumu zaidi. Msiwafanye mawalii. Salme alikulia katika nyumba iliyobebwa na watumwa, alirithi mashamba yaliyolimwa na watumwa, na katika kumbukumbu zake akautetea utumwa wa nyumbani kwao dhidi ya Wazungu waliokuwa wakiupinga. Mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa utotoni vitani, akafikishwa Unguja akiwa mtoto mdogo na kuwa suria. Binti wa mateka anautetea utumwa. Ukiliruka hilo ili shujaa wako apendeze, umeandika tangazo la hoteli. Ukiliingia, utalazimika kumpa jina na sauti yule mjakazi aliyebeba maji ya kuoga ya Mtoni, na pengine utagundua kuwa sura bora za kitabu chako ni zake. Wasomaji wetu wengi, tena wa bara na visiwani, ni wajukuu wa watu wa namna hiyo. Wana haki ya kujikuta ndani.

Tuna mfano mzuri wa kufuata. Shaaban Robert alimfuata Siti binti Saad kabla hajafariki mwaka 1950, akamsikiliza, akaandika wasifu wake: mtoto wa Fumba, muuza vyungu, aliyeingia mjini na sauti yake tu na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Siti hakupata kusoma, lakini nyimbo zake zilisimulia habari za mji mzima, wakubwa na wadogo, na mimi namhesabu miongoni mwa waandishi bila kuomba radhi. Shaaban Robert alitupatia wasifu. Hiyo riwaya yenyewe, ya kesi za mahakamani zilizogeuka nyimbo na baraza za usiku alikoimba, mlango wake uko wazi. Na tusidhani historia ni karne ya 19 tu. Ndyanao Balisidya, aliyetupa riwaya ya Shida mwaka 1975, alifariki hajafikisha miaka 50. Waliosoma naye na waliofundishwa naye wangali wanapokea simu.

Sasa nirudi kwenye makaratasi, maana hapa namsemesha kila mtu, mwandishi na asiye mwandishi.

Kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi jaani. Inaweza kuwa na jina la Mwenyezi Mungu. Huchomwa mahali safi, huzikwa, au hutoswa baharini. Ni adabu nzuri, nimelelewa nayo na sitaki iondoke. Lakini tufikiri inachofanya siku nyumba ya marehemu inapofunguliwa. Arubaini imepita, ndugu wamekutana kugawana vyombo, na chini ya kitanda cha bibi limetoka sanduku la bati. Ndani mna leso mbili ambazo hazijavaliwa, kopo la udi, shahada ya ndoa, na furushi la karatasi za manjano zilizofungwa uzi. Nimeliona sanduku la namna hiyo kwa macho yangu, katika nyumba moja ya Ng'ambo. Karatasi zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, wino umegeuka rangi ya kahawa, na pembeni mwa ukurasa mmoja mtu alikuwa ameandika hesabu ya mchele na sukari. Mtoto wa marehemu, mtu mwema kabisa, aliniambia, "Hizi ni za Kiarabu, mwanangu, hatujui zinasema nini. Kesho tunazichoma."

Hazikuwa za Kiarabu. Zilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wengi kabla ya shule za serikali. Mjukuu wa miaka 12 aliyehitimu msahafu alikaa mkekani akaanza kutamka herufi moja moja, kwa kusitasita, na katika mstari wa pili akacheka kwa sauti, kwa sababu alisikia jina la mtaa wao. Zilikuwa barua za kawaida: salamu, maradhi, nani kaolewa, nani hajarudisha sufuria. Kwa mwandishi wa riwaya zile ni dhahabu. Hakuna kitabu cha chuo kikuu kitakachomwambia mwanamke wa mjini mwaka ule alimlalamikia vipi shoga yake juu ya sufuria.

Ombi langu basi: kabla ya kuchoma, someni. Ukiwa na mtoto wa madrasa nyumbani, unaye msomaji. Chukua simu, toa karatasi nje kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, piga picha ukurasa mmoja mmoja, mbele na nyuma, pamoja na bahasha na hata ile hesabu ya mchele. Usiwashe taa ya kamera juu ya wino mkongwe. Usigandishe kwa selotepu palipochanika, na tafadhali usipeleke kutiwa plastiki dukani. Kile kinachoonekana ni kulinda ndicho kitakachoiua karatasi. Katika daftari andika sanduku limetoka nyumba ya nani, mtaa gani, nani alikuwa akimwandikia nani. Kama familia mna radhi, peleka mabunda yenyewe katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili tangu miaka ya 1960, au makumbusho ya Lamu ukiwa upande ule. Kama hamna radhi, kaeni nayo, ni mali yenu. Kilicho siri kibaki siri. Mwandishi mwenye adabu haombi barua ya aibu ya marehemu, na akiiomba mnyimeni.

Nasema haya nikijua ni wapi miswada yetu mingi ilipo. Iliyokusanywa na wamisionari na maofisa iko London, katika maktaba ya SOAS, imepangwa kwa namba na inatunzwa vizuri. Utendi wa Mwana Kupona umetufikia katika chapa kwa juhudi za watu kama Alice Werner na William Hichens, waliouchapisha pamoja na tafsiri mwaka 1934, na wenyeji waliowanakilia na kuwafafanulia. Shukrani wapewe. Lakini walikusanya walichokutana nacho, tena mara nyingi kupitia wanaume, kwa kuwa hao ndio waliokuwa nje barazani. Kilichokuwa ndani, katika masanduku ya akina mama, hawakukiona. Bado kimo.

Na palipokosekana karatasi, kuna midomo. Keti na shangazi, keti na bibi, washa kinasa sauti cha simu, na usimwulize "historia". Ukisema neno hilo atanyooka kama yuko redioni na kukupa habari za Sultani na Mapinduzi ambazo ameshazisikia redioni. Mwulize walikuwa wanaandikiana nini na shoga zao. Mwulize nani mtaani aliyejua kutunga, nyimbo za unyago zilitungwa na nani, ni nani aliyewasomea barua wasiojua kusoma na alitoza nini. Kila mtaa ulikuwa na mwanamke mmoja wa hivyo. Mwulize jina lake kamili, na aliishi nyumba ipi.

Wachapishaji nao wasinikimbie. Najua hesabu: kitabu cha kiada kinalipa mishahara, riwaya inakaa stoo. Lakini tumeona Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, zikiwatoa watu gizani pamoja na miswada yao. Riwaya moja ya Mwana Hashima, iliyohaririwa kwa uangalifu, yenye jalada ambalo halina picha ya machweo na mnazi, itasomwa Lamu, itasomwa Dar, na Waswahili wa Muscat watatuma pesa waletewe. Redio zetu nazo ziikate vipande, wasikilizaji wa michezo ya kuigiza wapo wa kutosha na hawajawahi kutuangusha.

Wewe usiyeandika, dai. Nenda dukani uulize riwaya ya Sayyida Salme kwa Kiswahili, na ukiambiwa haipo, mwombe muuzaji aandike jina lako na kitabu unachokitaka katika daftari lake la oda. Wiki ijayo mtume rafiki yako akaulize hiyo hiyo. Muuza vitabu akiulizwa mara kumi atampigia mchapishaji bila kutumwa na mtu.

Mwalimu wa sekondari, mara utendi utakapofika tena katika ratiba, acha swali la ukandamizaji walau kipindi kimoja. Wape vijana ukurasa mmoja wa kuandika: Mwana Hashima ametoka chumbani kwa mama yake, wino umemchafua kidole, na nje anakutana na rafiki yake wa rika. Anamwambia nini? Utapata majibu 40 na angalau mawili yatakuzuia kulala. Hao wawili wafuatilie.

Na masika hayako mbali. Kama sanduku la bibi liko chini ya bati linalovuja, lihamishwe kwanza, leo leo, liwekwe juu ya kitu kilichoinuka, mbali na ukuta wenye mchwa. Riwaya tutaizungumza wakati karatasi zimekauka.